Wiki moja ya likizo nyumbani Arusha na watoto wadogo: jambo moja kwa siku

Juni ikifika chekechea hufungwa, na wazazi wengi vijana hapa Arusha hujikuta na wiki moja ya likizo kazini, watoto wawili wadogo, na mfuko usioruhusu kwenda Tanga wala Zanzibar. Wiki hiyo inaweza kuwa tamu sana hapo hapo nyumbani. Mara nyingi kinachoiharibu ni kupanga mambo matatu kwa siku kwa mtoto anayeweza moja. Mtoto wa miaka mitatu akizungushwa sokoni asubuhi, kwa shangazi mchana na mjini alasiri, ikifika saa 11 jioni atalia bila sababu unayoweza kuitaja, na hakuna biskuti itakayomnyamazisha. Panga jambo moja kwa siku. Liishe kabla ya usingizi wa mchana. Yanayobaki yawe kazi za kawaida za nyumbani, zikifanywa polepole na watoto wakiwa ndani yake.

Maelezo haya ni kwa watoto wa kati ya mwaka mmoja na miaka sita.

Kabla ya Jumatatu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na "mfululizo" maana yake mwisho wa wiki na sikukuu zimo ndani. Baba na mama wakiweza kuchukua wiki ileile, vizuri sana. Ikishindikana, wapatane siku mbili za katikati ya wiki ambazo wote wapo, na mambo makubwa yawekwe siku hizo.

Kama mna dada wa kazi, naye ni mfanyakazi na ana haki ya likizo. Wiki ambayo wazazi wapo nyumbani ndiyo nzuri ya kumruhusu aende kwao. Akibaki, mwambieni mapema kazi zipi zake na zipi mmezichukua, maana mtoto anayepewa amri na watu wazima watatu humsikiliza yule tu anayemkubalia.

Manunuzi yafanyike Jumamosi, mtu mzima mmoja aende peke yake. Soko la Kilombero linatosha. Ukikaa upande wa Usa au Tengeru, Jumamosi soko la Tengeru huchangamka. Leta unga wa ngano kilo 2, chumvi laini nusu kilo zaidi ya ile ya kupikia, maharage mekundu robo kilo, ndizi mshare mbichi, tishu, na kopo moja lenye mfuniko unaobana. Pitia mitumba uchukue soksi na masweta mepesi. Kwa baridi ya Juni, nguo nyepesi tatu moja juu ya nyingine ni bora kuliko koti zito moja, kwa sababu mtoto anayekimbia atavua moja badala ya kutoka jasho halafu akapigwa na upepo.

Fuata jua

Asubuhi za Juni mawingu hukaa chini, wakati mwingine na manyunyu, na Mlima Meru hauonekani kabisa. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi, au chini zaidi kwa wanaokaa juu, Sakina kuelekea Ilboru na Sokon II. Jua hufunguka kati ya saa 4 na saa 6. Kwa hiyo ratiba ya likizo ya Juni haifanani na ya Desemba: shughuli za ndani zianze baada ya uji, za nje zingoje jua lipande.

Siku inayokwenda vizuri iko hivi. Saa 1 kuamka na uji wa ulezi. Saa 2 hadi 4, kazi ya mezani au jikoni. Saa 4 na nusu hadi saa 6 na nusu, nje. Chakula cha mchana, kisha usingizi. Saa 10 jioni, kuoga. Hili la kuoga mapema lishikwe sana: maji ya moto hayamsaidii mtoto anayetoka bafuni saa 1 usiku akiwa na nywele mbichi. Akioga jua likiwa bado linapiga uani, atakauka, atavaa, na atacheza kwa utulivu mpaka chakula.

Usingizi usipunguzwe kwa sababu ni likizo. Kwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Mapendekezo hayohayo yanasema mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili asikalishwe mbele ya televisheni au simu, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Hiyo saa moja itumieni pale inaposaidia, yaani mtu mzima anapokaanga au kumwaga maji ya moto. Televisheni ikiwashwa asubuhi, kila jambo litakalofuata litaanza kwa ugomvi wa kuizima.

Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto, hata kwa dakika chache, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu. Gesi yake haina harufu wala rangi, na huua familia nzima usingizini. Ongeza blanketi, mvalishe mtoto kofia, walale pamoja wakubwa.

Jumatatu: maharage kwenye glasi

Anza na jambo hili kwa sababu linachukua wiki nzima kukomaa. Jumapili usiku loweka maharage 10. Asubuhi chukua glasi angavu, au chupa ya plastiki iliyokatwa juu, ikunjie tishu ndani ukizunguka ukuta wake, kisha jaza tishu nyingine katikati ili ya kwanza ibane. Mtoto aingize maharage moja moja kati ya tishu na kioo, katikati ya urefu wa glasi, ili ayaone kwa nje. Mimina maji mpaka yafike kina cha sentimita 1 tu chini. Tishu itayavuta yenyewe.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanajaza maji. Mbegu inayoota inapumua, na ikizama hukosa hewa, siku ya tatu unasikia harufu ya kuoza. Kosa la pili ni mahali. Dirishani kwenye baridi ya Juni maharage hukawia. Juu ya friji au kwenye rafu karibu na jiko mzizi hutokea siku ya pili au ya tatu. Utaanza kuona kijimzizi cheupe kikichungulia kwenye kile kidoa cha mbegu, kisha kinapinda kuelekea chini hata kama mtoto ameweka harage kichwa chini. Mpe nafasi ageuze glasi iegemee upande mmoja Jumatano jioni, na Alhamisi aangalie mzizi umekata kona. Weka maharage 10 ili hata matatu yakioza, kila mtoto abaki na yake.

Tumia maharage ya kupika. Mbegu za duka la pembejeo zenye rangi ya waridi au buluu zimepakwa sumu ya wadudu. Na mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachwe peke yake na maharage makavu, maana yanakwenda puani, na yakipata unyevu yanavimba. Likiingia, usimchokonoe kwa kidole wala kibiriti. Kama anaweza, mzibe tundu la pili apenge kwa nguvu mara moja au mbili. Lisipotoka, nendeni hospitali.

Jumanne: unga wa kufinyanga

Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya kupikia, na maji ya uvuguvugu kama robo tatu ya kikombe. Changanya unga na chumvi kwanza, tia mafuta, kisha maji kidogo kidogo huku ukikanda. Kanda dakika 5 kamili. Kabla ya hapo utaonekana unapasuka na utashawishika kuongeza maji, kumbe unga bado unayanywa. Ukishika mikononi, ongeza kijiko cha unga. Ukikatika kama biskuti, lowesha viganja tu ukande tena. Kijiko kidogo cha manjano kinatoa rangi nzuri ya njano, na maji ya kiazi chekundu kilichochemshwa, yaani bitruti, yanatoa waridi. Manjano hayatoki kwenye nguo, kwa hiyo wavalishe za kuchakaa.

Mtoto mwenye mkwaruzo kidoleni atalalamika kwamba inawasha. Ni chumvi, mwoshe, umfunge plasta. Chumvi hiyohiyo ndiyo sababu unga huu usiliwe: donge dogo litamfanya ateme, lakini mtoto wa mwaka mmoja anayekula bila kuchagua apewe unga wa chapati wa kawaida afinyange huo. Hifadhi kwenye kopo lililobana, utatumika wiki nzima.

Jumatano: mtori

Siku ya kupumzika kutoka nje, na nyumba ijae harufu ya supu. Kwa watu wanne: nyama ya ng'ombe yenye mfupa nusu kilo, ndizi mshare 10 hadi 12, kitunguu 1, karoti 1, maziwa nusu kikombe au kijiko cha siagi. Chagua ndizi ngumu, za kijani kabisa. Ikiwa imeanza kuiva hata kidogo mtori utakuwa na utamu usiotakiwa.

Bandika nyama na maji lita 2 saa 2 asubuhi, kwa moto wa wastani, saa moja na nusu au mpaka iachane na mfupa. Kuhusu maji: sehemu nyingi za Arusha yana floraidi nyingi, ndiyo inayoyatia meno rangi ya kahawia, na meno ya kudumu ya mtoto yanajengeka ndani ya ufizi miaka hii hii ya utoto. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani floraidi ndiyo inazidi kukolea. Kwa supu ya muda mrefu tumia maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi, kama mnayo, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa.

Kumenya ndizi ndiyo kazi ya watoto. Ndizi mbichi ina utomvu unaonata na kuweusisha vidole siku mbili, na kisu si cha mtoto wa miaka minne. Fanya hivi: mtu mzima akate ncha zote mbili, apasue ganda kwa urefu mstari mmoja usioingia ndani, kisha azitumbukize kwenye maji yaliyochemka dakika 5. Azitoe, zipoe kabisa. Sasa mpake mtoto mafuta viganjani. Ganda limegeuka rangi na kulegea. Akiingiza dole gumba kwenye mpasuo na kusukuma pembeni, linaachia kipande kirefu kwa mlio mdogo wa kunata. Wapishi wazoefu wa Kichaga humenya mbichi kwa kisu na wanamaliza mkungu kabla maji hayajachemka, lakini kwa mikono midogo njia hii ndiyo inayofaa. Kila iliyomenywa itumbukie kwenye bakuli la maji, isiwe nyeusi.

Toa nyama, ichambue. Weka ndizi, kitunguu na karoti kwenye supu, dakika 25 hadi 30, kisha ponda kwa mwiko zikiwa za moto. Ukingoja zipoe zitabaki madonge. Rudisha nyama, punguza moto, tia maziwa mwishoni. Ukiwa mzito ongeza maji ya moto, si ya baridi. Kama kuna mtoto ambaye hajafikisha mwaka, mchotee chake kabla ya kutia chumvi.

Weka mpaka unaoonekana jikoni: chora mstari wa chaki sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye jiko lenyewe, watoto wasiuvuke. Mpini wa sufuria uelekee ukutani. Mtu akiungua, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Dawa ya meno, unga, mafuta na ute wa yai huzuia joto lisitoke na huongeza uchafu kwenye kidonda, vyote visiguswe.

Alhamisi: nyayo

Kule Laetoli, eneo la Ngorongoro, mwaka 1978 ziligunduliwa nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Walikanyaga majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua, majivu yakakauka, mengine yakafunika juu. Udongo wa mitaa mingi ya Arusha asili yake ni volkano pia, kwa hiyo uani kwako una vifaa vyote.

Chekecha udongo mkavu wa kutosha, utandaze kwenye sinia kubwa au boksi la chini, kina cha sentimita 4. Nyunyizia maji kidogo kidogo huku ukichanganya, mpaka ukifinya kwa kiganja ushikane bila kutoa maji. Sawazisha kwa ubao. Mtoto akanyage mara moja, kisigino kwanza, anyanyue mguu wima. Akikokota, ukingo unavunjika. Udongo ukinyonya mguu, umelowa mno. Acha dakika 20 ujaribu tena. Ukipasuka pembeni, nyunyiza maji. Mtoto wa pili akanyage kando, na mama au baba akanyage sinia lingine.

Kausheni kivulini siku mbili. Juani sehemu ya juu hukauka kabla ya chini, na unyayo hupasuka katikati. Zikikauka, mpe mkubwa kamba apime: unyayo wa mama una nyayo ngapi za mdogo wake? Kisha mwachie kuku ama paka apite kwenye udongo mpya mlioloanisha, na watoto wabahatishe nani kapita. Ukitaka kuendeleza, Makumbusho ya Elimu Viumbe yaliyo kwenye boma la Wajerumani mjini yana maonyesho ya chimbuko la binadamu, na bustani ya kukimbilia wakichoka kutazama. Saa moja inawatosha.

Ijumaa: safari moja

Safari moja tu kwa wiki. Kwa umri huu, Ziwa Duluti ndilo linalofaa kuliko yote yaliyo karibu. Ni ziwa la kreta hapo Tengeru, chini kidogo ya barabara kuu ya Moshi, na msitu wake una njia ya kivuli. Kuna kiingilio. Msijaribu kulizunguka lote na mtoto wa miaka mitatu. Tembeeni dakika 20, kaeni, mle, mrudi njia ileile. Maji ni ya kina karibu na ukingo, kwa hiyo mtu mzima mmoja kazi yake iwe kushika mkono wa mdogo, asishike simu wala kapu.

Pandeni kifodi, yaani daladala, saa 4, wafanyakazi na wanafunzi wameshapungua, mrudi kabla ya saa 8. Beba maji lita 2, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, nguo ya kubadili kwa kila mtoto na kanga mbili, moja ya kukalia na moja ya mbeleko wakati wa kurudi. Karanga ziache nyumbani: mtoto wa chini ya miaka mitano hupaliwa nazo kwa urahisi, hasa akitafuna huku anakimbia.

Wenye gari, au marafiki wanaoweza kuchangia mafuta, wafikirie Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi, na malipo hayapokelewi kwa fedha taslimu. Twiga mara nyingi wako karibu tu baada ya lango la Ngurdoto, kwenye uwanda uitwao Serengeti Ndogo, na mbega hukaa mitini msituni, kwa hiyo hakuna haja ya kuendesha mpaka mtoto atapike.

Chemchemi za Chemka, kule upande wa Boma Ng'ombe, ni kuzuri kweli, lakini maji yana kina na mtoto hagusi chini. Ngojeni wajue kuogelea. Maporomoko ya Materuni nayo yana njia ndefu yenye kupanda na kushuka. Mtamaliza mkiwa mmebeba wote wawili.

Maji ya nyumbani yanahitaji jicho lilelile. Mtoto mdogo ana kichwa kizito. Akiinama kwenye ndoo hata iliyojaa nusu hawezi kujinyanyua. Ndoo zifunikwe au zipinduliwe, kila jioni. Mafuta ya taa na jiki visikae kwenye chupa za soda. Akinywa, usimtapishe, mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe.

Jioni na mwisho wa wiki

Umeme ukikatika msiuonee huzuni. Tochi moja, kiganja na ukuta vinatosha kwa vivuli vya mbwa, sungura na ndege. Kwa vitendawili, anza na vile ambavyo majibu yake yamo ndani ya nyumba. "Nyumba yangu haina mlango" humshinda mtoto wa miaka minne mara ya kwanza. Weka yai mezani, tega tena, uone macho yake. Kesho atamtegea kila anayepita.

Jumamosi msipange kitu. Fulia pamoja, mpe kila mtoto beseni dogo lenye maji ya kina cha vidole vitatu na soksi zake mwenyewe, ukae hapo hapo mpaka wamalize kisha uyamwage.

Jumapili maharage yatakuwa tayari. Toboa matundu manne chini ya kopo la maziwa, jaza udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe iliyooza, mbili kwa moja. Mtoto achimbe shimo kwa kijiko, kina cha sentimita 4, umsaidie kutoa mche na tishu yake bila kuvuta, maana mizizi imeshajisuka ndani na tishu itaoza yenyewe. Fukia mzizi na sehemu ya chini ya shina, zile nusu mbili za harage zibaki juu. Mwagilia robo kikombe. Kopo likae ndani dirishani siku mbili kabla ya kutolewa nje kwenye baridi, na mche ukilala upande mmoja uegemeze kwa njiti ya ufagio.